Jina Nisilolisoma, na Njia ya Kwenda Tororo

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa nikisoma matangazo ya vifo, saa saba kasoro robo mchana, katika redio moja ndogo upande wa Kenya wa mji wa Busia. Wasikilizaji walinipa jina la Nabwire wa Matanga, nami sikulikataa, tena nilijivunia. Watu wa huku hawazikani bila redio. Karatasi huletwa mlangoni ikiwa imekunjwa mara nne, imeandikwa nani amefariki, amewaacha wajane gani na watoto gani, kisha habari ziwafikie akina fulani wa Samia, wa Dabani, wa Tororo, mpaka Kisumu. Aliyetajwa amehesabiwa kuwa mtu wa nyumba ile. Asiyetajwa hujieleza maisha yake yote. Hilo nililijua vizuri.

Lakini sisi wasomaji tuna desturi yetu. Saa ikitubana, tunakata mkia wa tangazo, kwa sababu mkiani huwa kuna wakwe, majirani, marafiki na wengine wengi. Sikufundishwa na mtu. Niliikuta kazini nikaizoea. Siku moja, msimu wa kampeni upande wa Uganda, mgombea mmoja alikuwa na tangazo lake la kurushwa kabla ya taarifa ya habari. Meneja alinionyesha saa kupitia kioo. Nilikuwa nasoma kifo cha mkulima mmoja wa Tororo. Nikakata mistari mitatu ya mwisho, nikatoa pole kwa sauti ile ninayosifiwa nayo, nikaenda kunywa chai.

Ijumaa moja, majuma matatu baadaye, mwanamke mwembamba wa makamo alifika redioni akaniulizia. Viatu vyake vilikuwa na matope makavu.

"Mama, mimi ni Athieno," alisema. "Jina yangu ilikuwa kwa ile karatasi, huko chini. Wewe nasoma watu yote, mimi naacha. Sasa nyumbani wanasema mimi si bibi ya mtu."

Nilikwenda kuitafuta karatasi ya yule mkulima katika rundo la zile tulizokwisha kuzisoma. Niliipata. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko wa mwanamume, mke mkubwa na watoto wake juu kabisa, kisha wakwe na majirani. Chini, kwa mwandiko mwingine wa kukandamiza kalamu, palikuwa na mistari mitatu: mjane wa pili Athieno na wanawe wanne. Athieno alinieleza kwamba shemeji yake Owor, ndugu wa marehemu, ndiye aliyeandika tangazo akamwacha nje, na yeye Athieno akaiomba karatasi dakika ya mwisho akajiandika mahali palipobaki. Aliniambia ukoo ungekaa kesho yake alasiri kuamua kama ataendelea kulima shamba la marehemu. Nikamwambia nitakuja.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, nilivuka mpaka kwa miguu. Upande wa Busia ya Uganda nilisimama kununua maji kwa mama mmoja mwenye kibanda cha soda. Nilipofungua mdomo tu, aliacha kuhesabu chenji akanitazama.

"Ni wewe nasoma watu ya kufa!" Alicheka mpaka jirani yake akageuka. "Siku yangu ikifika, mama, unisome taratibu. Watoto yangu ni kenda, usiruke hata mmoja."

Siku nyingine ningecheka naye. Siku hiyo nililipa nikaondoka bila kuaga, na aibu ikanifuata mpaka stendi.

Gari la Tororo lilipopita kijiji cha Sikuda, udongo ulionyesha kwamba mvua ilikuwa imenyesha usiku. Pande zote za barabara watu walikuwa wameinama mashambani, wengine wakilima kwa ng'ombe, wengine kwa jembe, familia nzima mstari mmoja. Katika gari redio ilikuwa inasema. Ilikuwa redio yetu, na aliyekuwa akizungumza ni yule mgombea, akiahidi kwamba hatamwacha mtu yeyote nyuma. Dereva aliongeza sauti. Niliangalia nje, nikiwaza kwamba nilikata jina la mwanamke na watoto wake ili maneno hayo yapate nafasi.

Tororo tulifika kabla ya adhuhuri. Ule mwamba mkubwa wa Tororo ulikuwa umesimama juu ya mji na vumbi la kiwanda cha saruji lilikuwa limetulia kwa sababu ya mvua. Athieno alikuwa ananingoja penye boda boda, amevaa gomesi, lile vazi refu la wanawake wa Uganda, iliyopigwa pasi. Tulipanda pikipiki moja, mimi nyuma yake, na njiani alinieleza mazishi yalivyokwenda. Mwendesha ratiba aliwaita wafiwa mbele kwa orodha waliyoisikia redioni. Yule mgombea alikuja, kwa kuwa hakuna mgombea anayekosa mazishi, akamshika mkono mke mkubwa, akamwita "mjane wetu" kwenye kipaza sauti. Athieno alikuwa amekaa na wapishi.

"Watu wakaona hivyo na macho yao," alisema. "Tena maharagwe yangu ya mbegu iko kwa nyumba. Owor ameniambia nisiguse udongo. Mvua hii ikienda, watoto watakula nini?"

Nilimshika bega tu.

Alasiri, kikao kilifanyika ndani ya kanisa la kijiji, jengo la matofali lisilo na dari. Walikuwa watu kama thelathini. Mwenyekiti wa ukoo alikuwa Mwalimu Ochwo, mstaafu mwenye miwani iliyofungwa uzi, mtu wa kufuata utaratibu mpaka unachoka naye. Alitaka kwanza muhtasari wa kikao kilichopita usomwe, ukasomwa wote. Ndipo Owor alipoinuka. Ni mtu mpole wa sauti, na hilo lilinichanganya, kwa sababu nilikuja nikitarajia mtu mkali. Hakubishana na yeyote. Alitoa simu, akabonyeza, akaiinua juu.

Alikuwa amenirekodi redioni, nami nikaisikia sauti yangu ikisoma. Sauti ilikuwa tulivu, yenye huzuni ya kutosha, isiyo na shaka hata chembe. "Amemwacha mjane," nilisema mle ndani ya simu, nikamtaja mmoja. Sijawahi kuichukia sauti yangu kama siku ile.

Niliposimama nilieleza yote: saa, mgombea, desturi yetu ya kukata mkia. Nikaitoa karatasi. Mwalimu Ochwo aliisogeza karibu na miwani, akaizungusha, akampa Owor.

"Mama mgeni, tunakuheshimu," Owor alisema. "Lakini hii mwandiko ya chini, nani alishuhudia ikiandikwa? Hata jana mtu naweza kuandika. Redio ndo tulisikia wote."

Minong'ono ikaanza. Nilimwona Athieno akikaza macho chini. Kisha mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha aliinuka polepole. Alikuwa mke mkubwa.

"Mimi nilikuwapo siku ile karatasi inaandikwa," alisema. "Huyu aliandika jina yake, mimi nikiona. Halafu nikasikia redio imemwacha, nikafurahi. Siwezi kudanganya ndani ya kanisa. Nilifurahi." Akaketi, akajifunika uso kwa leso.

Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa sijamjua Mwalimu Ochwo.

"Hapa tuko watu thelathini," alisema, akiikunja karatasi kwa uangalifu. "Redio ilisikika huku kote na ng'ambo ya mpaka. Tukimrudisha hapa, nje bado ameondolewa. Sokoni, kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa mahari ya binti zake, watasema redio haikumtaja. Mama, irudie saa ile ile, mahali pale pale. Tukisikia, atalima. Tusiposikia, hatutaweza kumsaidia."

Jioni nilivuka mpaka nikiwa na ile karatasi kifuani. Nilikuwa nimemwahidi Athieno, na ahadi ilinielemea njia nzima.

Jumatatu asubuhi meneja alinisikiliza akiwa amesimama. Si mtu mbaya. Aliniambia tu kwamba yule mgombea alimtambua mjane mmoja mbele ya umati, na tukisahihisha sasa tutamwaibisha mtu anayetuweka hewani kwa matangazo yake. "Hiyo stori iache, Nabwire. Kitaumana, tutapata taabu. Ni jina moja tu."

Saa saba kasoro robo nilifungua kipaza sauti. Nilimsoma mkulima yule upya, toka mwanzo, taratibu. Nikasema kwamba nilikosea na nikasema kwa nini. Niliposoma jina la Athieno, sasa juu pamoja na mke mkubwa, na wanawe wanne mmoja mmoja, meneja alikuwa anagonga kioo. Niliendelea mpaka wakwe, mpaka majirani, na nafasi ya mgombea ikapita. Nilipotoka nje alinyoosha mkono, nikampa kitambulisho changu cha kazi. Hatukugombana.

Jioni Athieno alipiga simu. Alisema majirani walikuja shambani mbio kumwita, wakamkuta ameshaanza kulima, hakuweza kungoja. Mwalimu Ochwo alifika baadaye kumwambia rasmi kwamba anaruhusiwa. Nililia, naye akanicheka kidogo.

Jumanne nilikwenda redioni kuchukua vitu vyangu vya mezani. Njiani nilikuwa mwepesi, nikiamini nimekwisha kulipa kosa langu.

Getini walikuwa wamesimama watu saba, wanawake sita na mzee mmoja. Wawili walikuwa wametoka ng'ambo, niliwatambua kwa gomesi. Nilidhani wamekuja kunipa pole kwa kufukuzwa kazi. Wa kwanza, mama wa Kisamia wa rika langu, alinishika mkono hakuuachia.

"Tulikusikia jana," alisema. "Baba yangu ulimsoma miaka sita iliyopita. Mimi pia nilikuwa mkiani."

Niliwatazama wote saba, na hakuna hata mmoja niliyemkumbuka. Niliomba kalamu na karatasi kwa askari wa getini. Nikaketi juu ya jiwe lililo kando ya ukuta, nikamwuliza yule mama jina lake, lote, na la baba yake.