Mtaro wa Wiki ya Msiba

Shirika la kujitolea lilituahidi mabomba kwa sharti moja: mtaro tuuchimbe wenyewe, kutoka chemchemi ya mlimani hadi shuleni, uishe Ijumaa. Tukichelewa, mabomba yangehamia kijiji kingine. Mwenyekiti wa kamati ya maji nilikuwa mimi, mzee wa kanisa.

Jumatano jirani yetu mmoja akafiwa na mkewe. Kwetu Rungwe, penye msiba jembe huwekwa chini. Anayeonekana shambani siku hizo husemwa mpaka uzee wake. Alhamisi asubuhi dada wa shirika akafika kutoka Mbeya, akakuta mtaro umeishia kwenye migomba na hakuna mtu.

"Mzee, watu wamekataa?"

"Hawajakataa, mwanangu. Wako msibani."

Kosa lilikuwa langu. Nilipokubali ile Ijumaa sikumweleza kwamba kwetu akifa mtu, kijiji kizima huketi. Aliniambia kwa huzuni kwamba siku hawezi kuongeza. Nikamwomba Mungu anipe ulimi, nikaenda msibani.

Tulizika saa nane. Watu walipokuwa bado wamesimama kaburini na majembe mikononi, nilimwendea mfiwa nikamweleza yote. Nyuma yangu mtani wake akadakia:

"Mwacheni mzee! Kaburi moja halijamtosha, sasa anataka refu la kutuzika wote!"

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Mfiwa alifuta uso.

"Mke wangu amepandisha ndoo kutoka bondeni tangu nimwoe," alisema. "Mnafikiri atawasema? Nendeni mkachimbe. Wanawake watabaki nami."

"Tubaki tukifanya nini?" mama mmoja akajibu. "Ndoo hizo nani anazibeba, baba, ninyi?"

Wakaacha bibi watatu wa kuketi na mfiwa, wengine wote tukapanda hadi mtaroni. Tulichimba bila kuimba, kwa heshima ya marehemu. Mvua ilinyesha, udongo ukang'ang'ania majembe, nasi tukang'ang'ania udongo. Ijumaa alfajiri tulirudi tena, na kabla ya saa sita mtaro ukafika shuleni.

Dada alikuja na gari la mabomba na mafundi. Alitazama mtaro, akashukuru, halafu akaniomba nimpeleke kwanza kwa mfiwa. Alivua viatu mlangoni, akaketi mkekani na wale bibi. Nami nikamshukuru Mungu, nikarudi mlimani kuwaonyesha mafundi pa kuanzia.