Mstari wa Kwanza Nao Ni Mara

Nakumbuka vizuri Jumapili ile, mwanangu, maana ndiyo siku niliyomfundisha binti yangu hesabu, na nikamfundisha vibaya. Sisi ni watu wa Sabato, kwa hiyo Jumapili ni siku ya jembe. Kemunto, kifungua mimba wangu, alikuwa darasa la tatu. Alinifuata shambani na daftari lake akaniambia mwalimu anataka kila mtoto atafute vitu vilivyopangwa kwa mistari, avihesabu, kisha aandike sentensi ya kuzidisha.

Nikacheka. Vitu vilivyopangwa kwa mistari! Kwani alikuwa amesimama mbele ya chai ya nani? Acha nikwambie, chini ya kilima chote cha Manga hakukuwa na mtu aliyenyoosha mistari ya chai kama mimi. Niliacha shule darasa la pili, nikaenda Kericho kupanda chai ya watu, nikarudi na ujuzi wangu kichwani. Afisa wa kilimo mwenyewe alikuwa akileta wageni kuangalia shamba langu. Sijisifu bure, michai iko pale hadi leo, nenda ukaangalie.

Nikampeleka kwenye kipande kidogo kando ya nyumba. "Mstari huu una michai sita," nikamwambia. "Nilipoumaliza nilirudia mara ngapi?"

Akatazama. "Mara nne, Baba."

"Basi andika. Sita mara nne."

Akahesabu michai yote kwa kidole, akapata thelathini, akaandika: 6 × 4 = 30. Mimi hata nilitia sahihi chini ya ukurasa.

Umeliona kosa? Mimi sikuliona. Kule Kericho nyapara alikuwa anapanda mstari wa kwanza uwe mfano, kisha anapaza sauti, "Rudia mara nne!" Ukimaliza, mistari ni mitano. Kiswahili changu nilikipata kwa huyo nyapara, si kwa kitabu. Nyumbani tulisema Ekegusii tu. Basi kwangu mstari wa kwanza ulikuwa mama, na "mara" ni wale watoto wanaomfuata.

Jumatatu mtoto akarudi macho mekundu. Mwalimu alimkosoa, naye akasimama kubishana: "Baba yangu ndiye aliyepanda hiyo chai, na nimeihesabu mwenyewe!" Darasa zima likamcheka. Jumanne akakataa kabisa kwenda shule. Na Ijumaa ulikuwa mtihani wa kufunga mwaka. Asiyeweza kuandika sentensi hizo angerudia darasa la tatu. Mwanangu, nilishikwa na hofu. Mimi nilitoka shule hivyo hivyo, kwa kuchekwa siku moja, na sikurudi tena.

Nikavaa koti langu, huyo nikaenda shuleni. "Mwalimu," nikasema hata kabla ya salamu, "wewe unamfundisha mtoto wangu kukana chai ya baba yake?"

Alikuwa kijana mpole, mtu wa Kebirigo. "Baba Kemunto," akajibu, "jioni nitakuja tuione pamoja."

Alikuja na kamba ya katani. Akakizungushia kile kipande chote, kisha akachora udongoni kwa kijiti, mstari huku na mstari huku, mpaka kila mchai ukawa na chumba chake. Kemunto alikuwa amejificha nyuma yangu.

"Kemunto, hebu hesabu vyumba vya upande huu."

"Sita."

"Sasa teremka upande huu, uhesabu mistari."

"Mmoja, miwili..."

"Huo wa kwanza usiuhesabu!" nikamkatiza. "Huo ni mama."

Mwalimu akanigeukia. "Baba Kemunto, ulipokwenda Kericho mara ya kwanza, hukwenda?"

"Nilikwenda, kwa nini nisiende?"

"Na mke wako alipokupikia mara ya kwanza, hukula?"

"Alikula akaongezwa!" mke wangu akajibu kutoka jikoni, na majirani waliokuwa kwenye ua wakaangua kicheko.

Ningeweza kumfukuza yule kijana. Shamba langu, kipande changu. Lakini nilipogeuka nilimkuta Kemunto hamtazami mwalimu, ananitazama mimi. Alikuwa ananingoja.

"Mama," nikamwambia, maana ana jina la mama yangu, "mwalimu amesema kweli. Hesabu yako ilikuwa sawa. Sentensi ilikuwa yangu, na ndiyo yenye kosa. Mistari ni mitano."

"Kumbe sikuhesabu vibaya?"

"Hata mchai mmoja."

Akachukua kijiti kutoka mkononi mwa mwalimu akaandika udongoni: 6 × 5 = 30. Kesho yake alitangulia njiani kabla ya uji kupoa.

Na mimi si mtu wa kuachwa nyuma. Alhamisi jioni nilimpeleka kwenye kipande kikubwa, michai kumi na miwili kwa mistari saba. Kwake kumi na mbili ilikuwa ngumu. Nikavuta kamba katikati: huku kumi, huku miwili. Kumi mara saba ni sabini, mbili mara saba ni kumi na nne. Tia pamoja, themanini na nne. Hilo la kugawa kwa kamba hakunifundisha mtu! Ijumaa mtihani ukamletea vyumba kumi na vitatu kwa mistari mitano. Akapiga mstari baada ya chumba cha kumi, akaandika hamsini, akaandika kumi na tano, akajumlisha sitini na tano. Mwalimu aliibandika karatasi hiyo ukutani, na mimi nilikwenda kuitazama nikiwa na koti langu. Leo Kemunto yuko sekondari, na katika hesabu ndiye anayeongoza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukimfundisha mtoto, mpe kwanza vitu vya kushika, avipange, azunguke pande zote mbili, halafu mkono wake mwenyewe ndio uandike. Na ukigundua umemfundisha kosa, usimwachie mwalimu amwambie. Mwambie wewe, kwa sauti ile ile uliyomfundishia. Hutapungua; mimi sikupungua, na unajua nilivyo.

Mungu akupe watoto wanaokuuliza maswali, na kila watakapokutazama usoni wakingoja neno lako, akupe ujasiri wa kuwaambia lililo kweli.