Nesi Aliyewaamkia Waliofungwa Kamba

Wiki iliyopita tulipomzika yule nesi mstaafu wa wagonjwa wa akili, msibani Mjimwema tulikuwa hawa: mjane wake, wanawe wawili, mmoja mwalimu na mwingine fundi seremala, jirani yao shehe, aliyetoa ua wake tupikie, kinamama wa jumuiya, manesi wastaafu watatu aliofanya nao kazi, mimi, na dada yangu mkubwa, tuliyetoka naye Matogoro. Halafu kulikuwa na benchi zima la watu wametulia, wamevaa vizuri kuliko wafiwa. Hao walikuwa wagonjwa wake wa zamani. Majina yao ninayo yote kichwani, na ya baba zao, lakini mjane alinivuta pembeni: "Dada, andika utakavyo, ila usitaje mtu. Wengine majirani zao hawajui." Basi leo sitaji hata mmoja, na mnaonijua mnaelewa mateso ninayopata.

Mgeni rasmi, kijana wa ofisini aliyehamia juzijuzi, alisimama akasema marehemu "alipambana na changamoto za afya ya akili kwa miaka mingi." Watu wakatazamana. Mjane akasema, wala hakushusha sauti, "Alikuwa nazo, mwanangu, nimelala naye mimi." Benchi zima la wagonjwa likacheka, padri aliyeongoza ibada akainamia kitabu chake mabega yakimtikisika. Marehemu angefurahi, maana katika kazi ile alizoea vichekesho vya namna hiyo. Baba mkwe wake, kabla ya kupokea posa, aliuliza kama ukichaa unaambukiza. Wenzake wa wodi ya wazazi walikuwa wanapewa kuku wa shukrani. Yeye alikuwa anapewa matusi. Na alikuwa anayaandika! Mgonjwa aliyenyamaza mwezi mzima akifumbua kinywa na kumtukania mama yake, yeye anafungua faili: "Leo amenitukana. Ana nafuu."

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya huyu dada yangu. Mwenyewe ameniruhusu niseme, tena amesema nikipunguza ataniumbua. Siku hizo tulikuwa tunalima tumbaku upande wa Hanga. Dada alipofiwa na mwanawe wa kwanza, usingizi ulimhama, maneno yakawa mengi, kisha akaanza kuzunguka na kijinga cha moto kwenye bani, kile kibanda cha kukaushia tumbaku. Mganga alikula jogoo wetu akasema ni mizimu ya upande wa mama. Wa upande wa mama wakasema hapana, ni ya upande wa baba. Wakati wanabishana, dada akafungwa kamba mguuni, kwenye nguzo ya jikoni. Aliyefunga ni mimi. Nilikuwa hodari wa kufunga tumbaku kwenye vijiti, kwa hiyo walinichagua kama mtaalamu.

Ndipo akaja huyo nesi na baiskeli, kijana mrefu, ndiyo kwanza katoka chuoni. Hakutuuliza sisi kitu. Alichuchumaa mbele ya dada.

"Shikamoo, dada."

Nikamwambia, "Kaka, huyo hasalimiwi. Hajui kitu."

"Sijakusalimia wewe," akasema, akarudia, "Shikamoo, dada."

Mara ya tatu dada akainua uso. "Marahaba. Mtoto wa nani wewe, mbona miguu kama ya korongo?"

"Wa Mbinga, dada. Kule kwetu ni milima, tunarefuka tupate kuonana."

Dada akacheka. Tangu msiba wa mwanawe hatukuwa tumemsikia akicheka. Yule kijana akageuka. "Nani kafunga hii?" Ukoo mzima, uliokuwa ukibishana tangu mvua za kwanza, ukakubaliana kunitazama mimi. "Umefunga vizuri, ungefaa jeshini. Sasa fungua."

"Na akichoma bani? Mwaka wetu wote umo mle!"

"Basi bani ndilo lifungwe. Kofuli mnalo?"

Kofuli tulikuwa nalo. Lilikuwa limening'inia ukutani muda wote, na hakuna aliyewahi kulifikiria. Nikapiga magoti. Kamba ilikuwa imelowa ikakaza, vidole vikashindwa, nikainamia fundo kwa meno. Dada akaniambia taratibu, "Usiniume." Ndiyo maneno ya kwanza aliyonisemesha tangu nimfunge. Sindano alipigwa akiwa amekaa kwenye kigoda kama mtu, na kila mwezi yule kijana alirudi na baiskeli yake, akipigwa na jua na matusi.

Zamani mgonjwa wa namna hiyo alisafirishwa mkoa wa mbali, na ndugu walimuaga kama wanamzika. Watu wa aina ya marehemu ndio walioifuata kazi hadi jikoni kwetu. Siku hizi afya ya akili iko redioni, kila mtu anayo. Wakati wetu kijiji kizima walikuwa nayo wawili tu, na wote wamefungwa. Ni maendeleo, sikatai. Lakini majuzi nimempeleka dada kliniki, binti mmoja mwenye stashahada yake akaniuliza mimi, dada akiwa kakaa pale pale: "Bibi, mgonjwa analala vizuri?" Dada akanigeukia: "Mwambie mgonjwa analala, ila masikio yake yako macho." Binti wa watu aliona aibu, akaanza upya, na shikamoo juu. Huyo atafika mbali. Nanyi wasomaji wangu, mwenye mgonjwa nyumbani, dawa mpe, kliniki mpeleke, ila kila asubuhi anza na salamu, usubiri ajibu. Hata kama inachukua mara tatu. Hata kama jibu ni tusi.

Nimeandika haya kwa kukumbuka tu, na elimu yangu ni darasa la nne, kwa hiyo mliokuwapo nisahihisheni. Idadi ya siku alizokaa na kamba sikuiandika. Mimi nakumbuka nne. Nimemsomea dada, akasema tisa, na akanitajia kila siku tulipika nini. Kama kuna mtu wa Hanga anayekumbuka kuwa zilikuwa nne, naomba sana ajitokeze.