Mheshimiwa Tutaangalia na jiwe alilotuwekea kwa shamba

Wakuu, hamjambo humu. Hii sikuambiwa na mtu, nilikuwa hapo na macho yangu mawili. Mwenye chai ajimwagie.

Miaka ya themanini kwetu, juu kidogo ya Kimilili, tulikuwa na diwani mmoja. Jina naliacha, watoto wake wako humu ndani. Sisi tulimwita Tutaangalia, kwa sababu ukimwambia barabara imeoza, anakohoa, anasema, "Tutaangalia hiyo maneno."

Mtu anaishi Kitale, hardware yake Kitale, bibi wote wawili Kitale. Bungoma anakuja kuchukua kura na kuku.

Sasa, ndugu yangu mdogo Wafula alikufa na malaria kwa baiskeli. Baba alikuwa anamkimbiza hospitali Bungoma, hata Kanduyi hawakufika. Ndiyo Baba akatoa kipande cha shamba, kile kizuri cha kando ya barabara, tujengewe dispensari karibu.

Tutaangalia akaja na suti, akina mama wakaimba, akaweka jiwe la msingi. Zege safi, jina lake kubwa kuliko neno dispensari. Akala kuku, akaenda.

Basi. Hata tofali moja halikufuata, bana!

Na Baba akakataa tupande kitu hapo. "Hiyo ni ya hospitali." Sisi tunanunua mahindi, shamba linamea nyasi. Iliniuma sana.

Ikafika kura ya mlolongo. Mnakumbuka huo upuzi? Unapanga laini nyuma ya picha ya mtu wako, chifu anakuangalia, majirani wanakuangalia. Tutaangalia sasa anataka ubunge. Baba hampendi hata kidogo, lakini akaogopa akionekana laini ingine dispensari itapelekwa kwingine. Akapanga nyuma ya ile sura.

Laini yao ilikuwa fupi. Ikatangazwa ndiyo ndefu. Ati hesabu!

Mheshimiwa akapotelea Nairobi. Baba akafa bado anangoja.

Baada ya matanga Mama hakuuliza mtu. Aling'oa lile jiwe na jembe, tukalibeba hadi nyuma ya jikoni, akalilaza jina likiangalia chini. Akawa anafulia nguo hapo. Shambani akapanda maharagwe.

Vyama vingi vikaja, kura sasa ni ya siri. Nani huyo anaingia kwa boma? Tutaangalia! Chama kipya, suti ileile. Ati amekuja kutupa pole ya mzee.

Mama akamkaribisha akae kwa jiwe. Akakaa. Akatupa pole, halafu akatuahidi, shikeni viti, dispensari.

"Iko tayari, Mheshimiwa," Mama akasema. "Umeikalia. Inuka uone."

Mimi na kaka yangu tukaligeuza. Jina lake hilo, limejaa matope na minyoo. Alilisoma pole pole, midomo ikitembea. Akapangusa suruali.

"Mama, tutaangalia hiyo maneno."

"Angalia tu. Mtoto wangu aliitwa Wafula. Miaka hii yote hujawahi kuniuliza."

Alitafuta gari yake kama mtu amechomwa.

Ile kura aliangushwa vibaya, akarudi Kitale kuuza misumari. Sijamhurumia mpaka leo.

Nilichojifunza: mwanasiasa akikuletea jiwe, muulize mchanga na fundi wako wapi. Na usilaze shamba sababu ya mdomo wa mtu.

Kwenu waliwawekea nini? Mwageni hapa. Letu bado liko nyuma ya jikoni, na Mama alikataa tuligeuze tena. Anafulia juu ya jina.