Tembo wa Unga wa Muhogo

Miaka ile unga wa ngano ulipotoweka madukani Arua, wenzangu walizoea. Mimi sikuzoea. Niliwahi kulea watoto wa wazungu kule Arua Hill, nikaona keki zao, nikadhani kuona ni kujua. Nikautangazia mtaa mzima kwamba mpwa wangu Candiru, siku yake ya kuzaliwa, atakula keki yenye umbo la tembo.

Dada yangu, mama yake Candiru, alikuwa na hofu. Mama mkwe wake alikuwa anakuja kutoka kijijini Lurujo kuona watu wa mjini wanakula nini. Nikamwambia atulie, akimwona tembo wangu hatakuwa na neno.

Nilichukua unga wa muhogo na asali. Haukushikamana. Nikaumiminia maji ya moto, nikausonga kwa mwiko, na mikono ikajiendea yenyewe kama mama alivyoizoesha. Nikafinyanga mkonga na masikio, nikamwekea macho ya maharagwe, nikamfunika kwa sufuria yenye makaa juu. Harufu ile ninayo mpaka leo, pamoja na dada akipepea moto huku akicheka.

Nilimleta juu ya sinia. Watoto wakasogea karibu. Bibi akamtazama kwa heshima, akanawa mikono, akamega mkonga, akauviringisha kiganjani na kuubonyeza kwa dole gumba. Kisha akatafuta bakuli kwa macho, asilione.

“Ugali yako iko muzuri, binti,” alisema. “Lakini mboga iko wapi?”