Rukaya Atafuta Kijembe

Rukaya huamini chakula cha watu watatu tu hapa duniani, na mimi Badru, niliyempigia kinanda tangu ujana, sina hakika kama nimo.

Kikundi chetu cha taarabu hakikurekodi kitu miaka kumi na minne. Kisa ni Hajira, mtunzi wetu, aliyeolewa na mume wa Rukaya kabla wino wa talaka haujakauka. Rukaya, mwimbaji wetu, akarudi kijijini Msimbu kulima mihogo, na sauti ile ikawa ya kufukuzia ngedere.

Mwaka huu Hajira, naye kashaachwa, alinipa karatasi nimpelekee Rukaya: wimbo mpya, turekodi tena, aimbe yeye na si mwingine.

“Kwa nini asiimbe mwenyewe?” Rukaya aliniuliza. “Huyu anataka nijitukane kwa mdomo wangu.”

Wiki nzima aliuchambua kama mchele wenye mawe. Sikumlaumu sana, wimbo wa taarabu usio na mlengwa mimi sijaupiga. Kiitikio kilisema, “Nimevunja nyumba njema, leo sina pa kulala.”

“Umeona? Anasema ndoa niliivunja mwenyewe.”

“Basi usiende.”

“Niende. Nikamjibu hukohuko.”

Studio ilikuwa mjini, Maili Moja. Hajira alikaa pembeni, visikizi masikioni, macho chini. Tulipofika kwenye kiitikio Rukaya akamgeukia, akaimba, “Hajira kavunja nyumba, leo hana pa kulala.”

Niliacha kupiga. Kwetu kwenye taarabu utamchoma mtu mpaka alie, lakini jina hulitaji. Kulitaja ni kumvua nguo mbele za watu. Fundi mitambo akauliza kama afute.

“Usifute,” Hajira akasema. “Hilo jina nililiandika mimi mwenyewe, dada Rukaya, nikaona haya, nikalikata. Ningeimba mimi, watu wangesema natafuta huruma. Nilitaka uniimbe wewe niliyekukosea.”

Rukaya alimkagua. Namjua: alikuwa anatafuta mtego, kwenye uso, kwenye maneno, hata kwenye mikono ya yule mwanamke. Nilimwonea Rukaya huruma. Hasira aliyoilea miaka kumi na minne ilikuwa imepewa haki yake, na hakujua aifanyie nini.

“Anza upya, Badru,” akasema.

Akaimba kama ilivyoandikwa. Jina la Hajira hakulitaja.