Kichumba cha Sultani

Wasomaji wangu, picha niliyoiweka juu kabisa ya kisa cha safari yangu ya Kilwa Kisiwani imeniumbua. Ni ya kichumba cha mawe magofuni, kilichochongwa kwa ustadi hadi nikabaki mdomo wazi. Nilivua viatu mlangoni, nikatanguliza mguu wa kulia, nikaomba dua. Kwenye blogu nikaandika kwamba humo sultani alikuwa akisali peke yake.

Jana alinipigia shangazi yangu wa Pande, ambaye zamani alikuwa akisafisha magofu hayo.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Nimesomewa habari yako. Mwanangu, kile kilikuwa choo.”

Niliikodolea macho picha. Choo, kizuri namna ile, na kingali kimesimama.

“Na viatu,” akauliza taratibu, “kweli ulivua?”